Katoro na Chato Kusini: jimbo jipya si halmashauri mpya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wapiga kura wa Katoro, Busanda na Wilaya ya Chato, pamoja na wenzetu wa Mwanza wenye ndugu na biashara huko. Tangu Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya manane Mei 12, 2025, vijiweni kunazungushwa maneno ambayo yatawakosesha watu kura katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025. Eti Katoro sasa ni wilaya. Eti kadi ya mpiga kura iliyotolewa kabla jimbo halijazaliwa haifai tena. Eti mtu wa Busanda anaweza kumdhamini mgombea wa Katoro kwa kuwa ni kulekule. Naandika mwanzoni mwa Agosti 2025: Bunge limeshavunjwa tangu Agosti 3, fomu za ubunge zinaanza kutolewa Agosti 14 na uteuzi ni Jumatano, Agosti 27. Maneno haya yakiachwa mpaka kampeni zianze Agosti 28, hakuna atakayesikiliza marekebisho.

Kilichobadilika ni hiki. Katika majimbo hayo manane, Kanda ya Ziwa imepata manne: Katoro na Chato Kusini mkoani Geita, Bariadi Mjini mkoani Simiyu na Itwangi mkoani Shinyanga. Mengine ni Kivule na Chamazi ya Dar es Salaam, Mtumba ya Dodoma na Uyole ya Mbeya. Katoro imemegwa kutoka Busanda. Chato ya zamani imegawanywa, na sehemu iliyobaki sasa inaitwa Chato Kaskazini, kwa hiyo hata asiyehamishwa jimbo atakuta jina jipya kwenye karatasi ya kura. Majimbo ya nchi nzima yametoka 264 na kuwa 272, yaani 222 ya Bara na 50 ya Zanzibar.

Halmashauri haikuguswa. Katoro bado ni mamlaka ya mji mdogo yenye vitongoji vyake, ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Geita, na makao makuu ya halmashauri hiyo yako Nzera. Mfanyabiashara wa Katoro mwenye shida inayohitaji saini ya mkurugenzi hupanda gari, akapita Geita Mjini, akaendelea hadi Nzera upande wa ziwani. Baada ya kuapishwa mbunge mpya atapita njia hiyohiyo. Leseni za biashara, ushuru wa huduma, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu) na fedha za wajibu wa mgodi kwa jamii, vyote vinapita halmashauri na vinajadiliwa na Baraza la Madiwani. Katika baraza hilo mbunge wa Katoro ataketi pamoja na wa Busanda na wa Geita Vijijini. Atakuwa sauti moja ndani ya chumba chenye madiwani wengi, basi mgombea anayeahidi jukwaani kwamba atajenga hospitali aulizwe atapitishia bajeti hiyo kikao gani.

Wanaodhani jimbo huvuta halmashauri nyuma yake watazame kwetu Mwanza. Buchosa ilikuwa jimbo kwa miaka mingi ndani ya Wilaya ya Sengerema, halmashauri yake ikaja 2015, na hadi leo wilaya ni Sengerema. Ilemela nayo ilikuwa na mbunge wake muda mrefu kabla ya kuwa manispaa mwaka 2012. Jimbo linakatwa na Tume kwa kibali cha Rais, chini ya Ibara ya 75 ya Katiba. Halmashauri ni kazi ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ina vigezo vyake na foleni yake.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa Mwanza wamelimeza kimya. Kiwango cha chini cha watu kilichowekwa na Tume ili jimbo ligawanywe kilikuwa 600,000 kwa mjini na 400,000 kwa vijijini. Kwa sensa ya 2022, Nyamagana ilikuwa na watu 594,834, pungufu ya 5,166 tu. Ukerewe ilikuwa na 387,815, pungufu ya 12,185, tena hao wametawanyika visiwani, mbunge wao hawezi kuzunguka jimbo bila boti. Mkoa wa Geita wenye watu 2,977,608 sasa una majimbo tisa. Mkoa wa Mwanza wenye watu 3,699,872 una majimbo tisa vilevile. Kwa wastani mbunge mmoja wa Geita atawakilisha watu karibu 331,000 na wa Mwanza 411,000, wakati wastani wa Tanzania Bara ni kama 269,600. Siwaonei wivu Geita. Mkoa wao ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012, na ongezeko la watu zaidi ya milioni 1.2 ndani ya miaka kumi halibebeki kwa majimbo saba. Ila madiwani wetu wajue kwamba maombi ya kugawa jimbo huanzia kwao, yakapanda kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo yafike Tume. Safari hii dirisha lilifunguliwa Februari 27 na kufungwa Machi 26, mwezi mmoja basi. Halmashauri isiyokuwa na takwimu na ramani zake tayari kabla ya dirisha kufunguliwa haiwezi kukamilisha vikao vitatu kwa muda huo. Na katika vigezo kimo hata uwezo wa ukumbi wa Bunge, kwa hiyo viti vya kugawana si vingi.

Turudi Katoro. Njia rahisi ya kujua uko jimbo gani ni kata. Kanuni ya ugawaji ni kwamba kata moja haikatwi kuingia majimbo mawili, na jimbo moja haliingii halmashauri mbili. Ukijua kata ya kituo ulichojiandikishia, umejua jimbo. Usiulize kwa jina la mtaa au la soko, maana hapo ndipo pa kupotea. Katoro na Buseresere kwa macho ni mji mmoja uliojipanga kandokando ya barabara ya kwenda Bwanga. Bodaboda anapakia abiria huku na kumshusha kule bila kufikiri. Lakini Buseresere ni Wilaya ya Chato na Katoro ni Wilaya ya Geita. Mtu mwenye duka Katoro aliyejiandikisha Buseresere hana kura ya ubunge Katoro, hata kama analipa kodi ya pango Katoro kila mwezi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la wadhamini. Mgombea ubunge anatakiwa kudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 waliojiandikisha ndani ya jimbo analogombea. Yeye mwenyewe Ibara ya 67 haimtaki awe mkazi wa hapo; inamtaka awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amedhaminiwa na chama cha siasa. Wadhamini ndio wanaofungwa na mpaka. Sasa fikiria katibu wa chama aliyezoea Busanda ya zamani. Anatoa orodha ileile ya makada wa uchaguzi uliopita, watu waaminifu, anawapigia simu wanasaini. Nusu yao kata zao zimebaki Busanda. Fomu inaonekana nzuri, majina yamejaa, namba za kadi zipo. Mgombea wa chama kingine anafungua Daftari la wapiga kura, anawahesabu wanaostahili, wanafika 19. Pingamizi linawekwa, na hakuna maelezo yatakayoziba pengo la wadhamini sita baada ya saa 10 jioni ya siku ya uteuzi.

Dawa yake ni kazi ya siku mbili. Usichukue 25 kamili, sheria inasema wasiopungua. Kusanya hata 35. Kila mdhamini aje na kadi yake mkononi, usiandike namba kwa kusomewa kwenye simu, maana tarakimu moja ikigeuka mtu huyo hayupo. Soma kituo alichojiandikishia, linganisha na orodha ya kata za jimbo jipya kutoka ofisi ya Msimamizi wa Uchaguzi, si kutoka kundi la WhatsApp. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi. Huku kwetu mtu anaitwa Masanja nyumbani, Emmanuel kanisani na jina la baba kazini. Kadi ina mojawapo, na hilo ndilo litakalosomwa. Kisha rudisha fomu asubuhi, ili kasoro ikionekana pawe na saa za kurekebisha. Wengi husubiri saa 9 waingie na msafara wa pikipiki, na wakiambiwa sahihi moja haipo, aliyetakiwa kusaini yuko machimboni kusikoshika mtandao.

Wako pia watakaotumaini kupita bila kupingwa. Mlango huo umefungwa. Chini ya Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024, mgombea akibaki peke yake bado anapigiwa kura za ndiyo au hapana. Mwaka huu wa 2025 jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa CHADEMA haikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi Aprili 12 na haimo kwenye kinyang'anyiro. Mpiga kura wa jimbo jipya asidhani kwamba mgombea akiwa mmoja kituo hakifunguliwi.

Kuhusu kadi: waliojiandikisha mwaka 2024 walijiandikisha wakati Jimbo la Katoro halijakuwepo. Hilo haliwaharibii kitu. Mtu anapiga kura kwenye kituo alichojiandikishia, na kituo hakijahama, kimehesabiwa tu chini ya jimbo jingine. Hakuna sababu ya kumlipa mtu yeyote akubadilishie kadi. Aliyepoteza kadi lakini jina lake limo kwenye Daftari anaruhusiwa kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, mradi majina yafanane na yale ya Daftari.

Wenye shida ya kweli ni watu wa kuhamahama, na mkoa huu unaishi kwa watu hao. Mchimbaji mdogo alijiandikisha alikokuwa anachimba, mwamba ukakata, akafuata mfumuko mwingine wa dhahabu kata ya tatu. Huyo aamue mapema kama atarudi kituo chake, na nauli aitenge. Wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa usiku wa giza, ni hivyohivyo. Oktoba 29 mwezi utakuwa nusu, unazama karibu na saa sita usiku, kwa hiyo giza la kuvulia bado lipo na kambi za visiwani zitakuwa zimejaa watu. Wangekuwa nyumbani kama kura ingeangukia wiki ya mbalamwezi. Mwenye mtumbwi anayetaka vijana wake wapige kura awaachie tangu Jumanne. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na mtu akitoka kisiwani asubuhi hiyohiyo, upepo ukigeuka, atafika mwaloni, panaposhukia mitumbwi, wakati kura zinahesabiwa. Aliyekwishasimama kwenye foleni ifikapo saa 10 atahudumiwa. Anayekuja mbio baada ya hapo haruhusiwi.

Kwenye mji wenye watu wengi kama Katoro, shule moja hubeba vituo vingi, na wapiga kura hugawanywa kwa herufi za majina. Kila uchaguzi nchi hii watu wanasimama juani saa mbili, wanafika mezani wanaambiwa jina lako liko chumba cha nne. Huku Usukumani balaa ni herufi M: Masanja, Mashaka, Maduhu, Magesa, Mariamu, wanaweza kujaza chumba na kumwagikia kingine. Orodha hubandikwa kituoni siku chache kabla. Nenda jioni ukaitafute, andika namba ya chumba nyuma ya mkono ukitaka. Siku yenyewe karani mwongozaji yupo kwa kazi hiyo, ila mmoja hawezi kuwasomea watu mia tano kwa wakati mmoja.

Mawakala wa vyama nao wana lao katika jimbo la mara ya kwanza. Wakala anaapishwa kwa kituo maalumu, hivyo chama kikitumia orodha ya Busanda ya 2020, wakala atajikuta ameapishwa kwenye kituo ambacho mgombea wake hagombei. Halafu kuna vifaa. Karatasi ya kura ya Rais ni moja nchi nzima, ya diwani inafuata kata, ila ya mbunge ndiyo inayoweza kuchanganyika kati ya Busanda na Katoro, kwa kuwa majimbo hayo ni majirani ndani ya halmashauri moja. Kabla karatasi ya kwanza haijachanwa, msimamizi wa kituo afungue kifurushi mbele ya mawakala, wote wasome jina la jimbo lililochapishwa, waandike namba za kuanzia na kuishia za kila kitabu. Ni kazi ya dakika tano. Kosa likigunduliwa saa 1 asubuhi, simu inapigwa na kifurushi sahihi kinaletwa. Likigunduliwa saa 6 mchana, kuna mamia ya kura ndani ya sanduku ambazo hakuna mgombea wa jimbo hilo anayezidai. Jioni, wakala asiondoke bila nakala ya fomu ya matokeo, na asisaini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi.

Nimalizie na fedha, maana ndizo zinazosemwa kwa sauti kubwa na kueleweka kidogo. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, hugawanywa hivi: asilimia 25 sawa kwa sawa kwa kila jimbo, asilimia 45 kwa idadi ya watu, asilimia 20 kwa kiwango cha umaskini na asilimia 10 kwa ukubwa wa eneo. Chukua kalamu. Busanda ya zamani na Katoro na Busanda za sasa ni watu walewale, ardhi ileile. Sehemu ya watu, ya eneo na kwa kiasi kikubwa ya umaskini inakatwa vipande viwili tu. Nyongeza halisi kwa wananchi hawa ni ile sehemu ya mgao sawa, nayo ikiwa fungu la taifa halikuongezwa itapungua karibu asilimia 3 kwa kila jimbo, kwa sababu sasa wagawanaji ni 272 badala ya 264. Ni fedha za mabati, saruji na madawati. Si za lami.

Mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge, katibu wake ni afisa mipango wa halmashauri, na ndani wamo madiwani, watendaji wa kata na mwakilishi wa asasi za kiraia. Kamati ya Busanda ya zamani itakuwa imeacha mabati yaliyonunuliwa hayajaezekwa, vyumba vya madarasa vilivyoishia kwenye renta, na pengine salio benki. Baadhi ya miradi hiyo sasa iko jimbo la Katoro. Kabla kamati mpya mbili hazijakaa kikao cha kwanza, afisa mipango aandae orodha ya kila mradi kwa kata, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichotumika na vifaa vilivyoko stoo, nakala ibandikwe ofisi ya kila mtendaji wa kata. Bila orodha hiyo mbunge mpya atasema mradi si wake, wa zamani atasema kata si yake, na mabati yataendelea kukaa stoo.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza